Minara ya Ramani: Kuona au Kuonyeshwa

Mwanzoni mwa Far Cry 5, gemu iliyotoka mwaka 2018, mzee mmoja aitwaye Dutch anamtuma mchezaji apande mnara wa redio kwenye kisiwa chake kidogo. Kabla mchezaji hajafika mbali, mzee anamtoa wasiwasi: asidhani atatumwa kupanda minara kaunti nzima. Waliozoea gemu za Ubisoft, kampuni iliyoitengeneza, waliangua kicheko. Kampuni ilikuwa inajicheka yenyewe. Kwa muongo mzima ilikuwa imewapandisha watu minara ya misikiti, ya makanisa, ya kengele na ya redio, na kila walipofika juu, kipande cha ramani kilifunguka. Ufundi ulioanza kwa kushangaza watu ukaishia kuwa mzaha, hata wachezaji wakaupa jina, "mnara wa Ubisoft", na jina hilo likabandikwa kwenye gemu ambazo kampuni hiyo haikuzigusa kabisa.

Mimi naona mzaha ule ulimwangukia asiyehusika. Kupanda mnara ili uijue nchi ni moja ya mambo matamu kabisa ambayo gemu zimewahi kuyabuni. Kilichowachosha watu ni kile walichokabidhiwa wakifika juu.

Kwa msomaji asiyecheza, maelezo mafupi. Gemu za dunia wazi ni zile zinazomwachia mchezaji nchi nzima azurure atakavyo, iwe mji, kisiwa au jangwa. Shida yake ya kwanza ni ile ya mgeni yeyote: aanzie wapi? Ramani anayo, ila imefunikwa kwa giza au ukungu. Anatafuta mahali parefu, anapanda, anabonyeza kitufe, na sehemu ya ramani inayomzunguka inafunuka pamoja na alama za vilivyomo: duka, sanduku la hazina, kambi ya adui, zizi la farasi. Anashuka, anavifuata kimoja baada ya kingine, kisha anatafuta mnara mwingine.

Aliyeipa mbinu hii umbo tunalolijua ni Assassin's Creed, iliyotoka Novemba 2007 kutoka studio ya Ubisoft ya Montreal, mkuu wa ubunifu akiwa Patrice Désilets. Mapema mwaka huohuo gemu nyingine, Crackdown, ilikuwa imewafanya watu wapende kukwea maghorofa kwa kutawanya juu ya mapaa tufe 500 za kijani zinazong'aa, kila moja ikikuongezea wepesi wa miguu. Lakini kule ulipanda ili uweze kupanda zaidi. Assassin's Creed ilifunga kupanda pamoja na kujua, na fundo hilo halijafunguliwa mpaka leo.

Chukua Damascus yake ya mwaka 1191. Uko chini, kwenye uchochoro kati ya kuta za udongo, wachuuzi wanapaza sauti, walinzi wanapita, na huoni zaidi ya kona inayofuata. Juu ya mnara fulani tai anazunguka. Unaanza kupanda, na kupanda kwenyewe kunakulazimisha uliangalie jengo kwa namna ambayo mpita njia hawezi: dirisha hili lina ukingo wa kushika, boriti ile imechomoza, hapo pana pengo, itabidi uzunguke upande wa pili. Kelele za soko zinapungua, upepo unaongezeka. Unafika kwenye ubao uliochomoza angani, unachuchumaa, unabonyeza kitufe. Kamera inamwacha Altaïr, mhusika unayemwendesha, na kuanza kumzunguka polepole, mji wote ukijitandaza chini yake, tai analia. Kisha anajirusha, mikono wazi, na kuangukia mkokoteni wa majani makavu. Mwenye fizikia yake anyamaze kidogo.

Hata kufunuka kwa ramani kulikuwa na sababu ndani ya hadithi. Mchezaji yumo katika kumbukumbu za babu wa kale, zinazosomwa na mashine iitwayo Animus, kwa hiyo ramani iliyofunikwa ni kumbukumbu ambayo bado haijakaa sawa. Na alama zilizojitokeza zilikuwa chache tena za aina moja: mazungumzo ya kusikiliza kwa siri, barua ya kuchomoa mfukoni mwa mtu, msemaji wa kuhojiwa kwa ngumi, raia wa kuokolewa mikononi mwa walinzi. Karibu zote zilihusu mtu mmoja uliyetumwa kumuua. Mnara ulikuwa kazi ya upelelezi, na ulikaa vizuri katika kazi hiyo.

Ndoa ya mnara na ramani ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1533 Gemma Frisius alichapisha maelezo ya namna ya kupima nchi kwa pembetatu: unapanda mnara, unapima pembe za kuelekea minara mingine unayoiona, unahamia mnara wa pili na kufanya vilevile, na kwa kujua urefu wa mstari mmoja tu unaweza kukokotoa mingine yote. Mwaka 1615 Willebrord Snellius alianza kuifanya kazi hiyo kwa vitendo nchini Uholanzi. Nchi ile ni tambarare, haina milima ya kusimama juu yake, kwa hiyo alitumia minara ya makanisa, akiunganisha Leiden na miji mingine mpaka akapata umbali kati ya Alkmaar upande wa kaskazini na Bergen op Zoom kusini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1617. Wafaransa wa ukoo wa Cassini walipokuja kuichora nchi yao yote katika karne ya 18, minara ya makanisa iliwafaa vilevile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Venice. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa picha kubwa ya mji huo, iliyochapwa kwa mbao sita na kufikia karibu mita tatu kwa upana. Mji unaonekana kutoka angani, kana kwamba mchoraji alikuwa ndege, miaka zaidi ya 200 kabla binadamu hajaruka kwa puto. Hapakuwa na mahali popote duniani pa kusimama ukaiona Venice namna ile. Picha ilibidi iunganishwe kutokana na vipande vingi vilivyopimwa na kutazamwa sehemu mbalimbali, minara ya kengele ikiwemo. Hata mnara mkuu wa Mtakatifu Marko umechorwa na paa la muda, kwa sababu ulipigwa na radi mwaka 1489 na ulikuwa bado haujapata kilele chake. Mwaka 2009 Assassin's Creed II ikawapeleka mamilioni ya watu Venice ya zama hizohizo, wakaupanda mnara huohuo kwa mikono mitupu, na mji ukajichora kwenye ramani yao mtaa kwa mtaa.

Ila pana tofauti. Snellius alipokuwa juu ya mnara hakupewa ramani. Alipewa pembe. Alishuka na tarakimu, akakaa chini kuzikokotoa, na ramani ikatoka kwenye jasho lake. Mchezaji wa gemu anabonyeza kitufe na ramani inajichora yenyewe, pamoja na vitu ambavyo jicho lisingeweza kuviona kutoka pale: sanduku lililo ndani ya pango, duka lililo nyuma ya kilima, karatasi iliyofichwa chini ya kitanda. Hapo ndipo ilipo kasoro yote. Mnara wa kweli humwezesha mtu kuona. Mnara wa gemu, mara nyingi, humwonyesha.

Kabla ya kulaumu, tuwatazame watengenezaji. Walikuwa na sababu, na si zote zilikuwa za uvivu.

Ya kwanza ni mashine. PlayStation 3 na Xbox 360, zilizoibeba Assassin's Creed, zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 kila moja, pungufu mno kuliko simu ya kawaida iliyoko mfukoni mwako leo. Kuonyesha mji mzima kwa mkupuo ilikuwa kazi ngumu. Ujanja ni kwamba majengo ya mbali hubadilishwa kuwa maumbo mepesi yasiyo na dirisha wala mlango, na kadiri unavyosogea ndivyo yanavyobadilishwa na yaliyo kamili. Mnara ulikuwa jukwaa la kujivunia ujanja huo. Studio ilikuwa inasema: tazama, yote haya yapo, na utafika.

Mashine za kabla yake zililazimika kuficha. Grand Theft Auto: San Andreas, ambayo pengine ndiyo gemu ya dunia wazi iliyochezwa kuliko zote kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi enzi za PlayStation 2, ilitoka mwaka 2004 ikiwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu kuu za kufanyia kazi. Ukipanda Mlima Chiliad ulikuwa unaona ukungu. Miji mitatu, jangwa, mashamba, vyote vilipotelea kwenye utusitusi, na akili ya mchezaji ikajaza iliyobaki: nchi ikaonekana haina mwisho. Mwaka 2021 gemu hiyo ilitolewa upya kwa mashine mpya, ukungu ukiwa umeondolewa. Watu wakapanda Chiliad, wakarusha ndege, wakapigwa na butwaa. Nchi yao ya utotoni ilikuwa kiwanja. Kutoka angani uliweza kuona mji wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, imebanana, barabara iliyokuwa safari ndefu ikiwa kamstari tu. Malalamiko yalikuwa mengi, na ukungu ukaja kurudishwa kwenye masasisho. Sijui somo bora kuliko hilo kuhusu urefu katika gemu. Mahali pa juu ni hatari kwa mtengenezaji, kwa sababu ndipo uongo wake wote unapoonekana.

Sababu nyingine ni mpangilio wa kazi. Gemu hizi hutengenezwa na mamia ya watu, mara nyingi katika studio za miji tofauti. Ukiigawa nchi katika majimbo, kila jimbo na mnara wake, unaweza kuigawa kazi vilevile. Na kwa mchezaji, mnara hugawa chakula kwa awamu, asije akaona alama zote siku ya kwanza akakata tamaa. Ni suluhisho la busara, na pengine busara hiyo ndiyo iliyoliponza, kwa kuwa kila mtu aliliiga.

Mbinu ilifika kileleni, kwa maana zote, mwaka 2012 na Far Cry 3. Visiwa vya Rook vina minara 18 ya redio, yenye kutu, nyaya zinazoning'inia, ngazi zilizokatika katikati. Kila mnara ni fumbo dogo: unapanda ngazi, unaishia kwenye jukwaa lisilo na njia, unazunguka nje ukiwa umeshikilia ubavu wa chuma, unaruka kwenye kamba, chuma kinalia chini ya miguu. Urefu ule unatisha kweli, maana unautazama kwa macho ya mhusika mwenyewe. Ukifika juu unafungua sanduku la nyaya, na kamera inaondoka mbio kukuonyesha sehemu mbili tatu za jimbo. Ramani inafunguka, duka linaanza kukupa silaha fulani bure, unashuka kwa kuteleza kwenye waya. Mnara wa kwanza ni raha tupu. Wa tano bado una ladha. Ukifika wa kumi, umeshaacha kutazama bahari. Unatazama ngazi.

Na hapo panatokea jambo la ajabu ambalo nadhani wengi wamelipitia bila kulisema. Umesimama juu ya mnara, kisiwa chote kiko mbele yako, fukwe, moshi wa kambi, mto unavyopinda. Unafungua ramani: giza. Unabonyeza sanduku, unafungua ramani: alama hamsini. Tangu hapo macho yako yanahamia kwenye ramani, na kisiwa kinabaki kuwa ukumbi unaoupita ukielekea kwenye alama. Gemu imekufundisha kuwa ulichokiona hakihesabiki mpaka mashine ikithibitishe. Uvumbuzi umegeuka kuwa orodha ya kwenda sokoni, unakata kimoja, unaenda kingine, na ukimaliza unapewa asilimia.

Inashangaza zaidi kwa sababu Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilikuwa na jibu lingine. Mle, katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina, mhusika anashika ramani ya karatasi mkononi, unaiona palepale huku unaendesha gari, na ukiinama kuisoma usipoangalia njia utaingia mtini. Ukitaka kujua kambi ina nini unakaa kilimani na darubini, unatazama, unachokitambua kinaandikwa kwenye ramani yako. Ilikuwa gemu kavu, yenye maudhi mengi, malaria ikiwa mojawapo, lakini ramani yake ilitokana na macho yako. Iliyoifuata ikalitupa wazo hilo.

Mwaka 2014 ulikuwa wa mafuriko. Watch Dogs ikaweka minara ya mitambo ya ulinzi ndani ya Chicago. Far Cry 4 ikageuza minara ya redio kuwa ya kengele katika nchi ya kubuni ya Kyrat, milima ya Himalaya, ila ikampa mchezaji kihelikopta kidogo cha kumfikisha karibu kabisa na kilele, ishara kwamba watengenezaji wenyewe walishajua kuwa watu wamechoka kupanda. Studio ya Monolith ikaweka minara yake katika Middle-earth: Shadow of Mordor. Hata mwaka 2018 Spider-Man, mtu ambaye kupanda ghorofa ndiyo riziki yake, aliamshwa asubuhi akarekebishe minara ya polisi juu ya mapaa ya New York ili ramani ifunguke.

Hapa kuna jambo ambalo wakosoaji wa gemu hawakulikalia vya kutosha: minara hii ni ya nani? Katika Assassin's Creed: Brotherhood ya mwaka 2010, Roma imejaa minara ya ukoo wa Borgia. Unamuua kapteni wa eneo, unapanda, unauchoma moto, na maduka ya mtaa yanaweza kufunguliwa upya. Katika Far Cry 4 minara inarusha propaganda za mtawala Pagan Min. Katika Watch Dogs ni macho ya dola yanayomchungulia kila raia. Mara zote hadithi ni ya ukombozi: mnyang'anye mtawala mnara wake. Na mara zote matokeo yake ni kwamba wewe ndiye sasa unayejua kila mtu yuko wapi. Mtawala anaondoka, kamera inabaki, imebadilisha mkono tu. Mwaka 1609 Galileo aliwapandisha wakuu wa Venice juu ya mnara wa Mtakatifu Marko kuwaonyesha darubini yake, na kilichowavutia kilikuwa meli zilizo mbali baharini, ambazo wangeweza kuzitambua kabla adui hajakaribia. Aliye juu anajua mapema. Gemu zinalijua hilo katika mikono ya mchezaji, lakini midomoni mwa wahusika zinajifanya hazijui.

Jibu kubwa lilitoka Japani. Machi 2017 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na humo mna minara 15, tena mirefu, inayong'aa, isiyojificha. Wengi walioisikia habari hiyo kabla ya kucheza walidhani ni yaleyale. Haikuwa hivyo. Ukifika juu, tone la mwanga linadondoka kutoka jiwe la mnara hadi kwenye kibao cha ramani unachobeba, na jimbo linafunuka: mistari ya miinuko, mito, majina ya mahali. Basi. Hakuna duka, hakuna hazina, hakuna adui. Ramani ni tupu kama ya mpima ardhi kabla ya watu kuandika habari zao juu yake.

Kinachofuata unakifanya mwenyewe. Unasimama ukingoni, unatoa darubini, unaanza kuzungusha macho. Kule kuna mwanga wa chungwa, pengine hekalu, unapachika pini. Kule moshi, pengine kijiji au kambi. Mlima ule una umbo la kushuku, mbona miti mitatu imesimama peke yake juu ya kilele? Pini ni tano tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo unachagua. Vilevile una mihuri 100 ya kugonga kwenye ramani: fuvu mahali ulipochapwa, sufuria ulipoona pa kupikia, jani, nyota. Baada ya majuma kadhaa ramani yako haifanani na ya rafiki yako, kwa kuwa kila mmoja aliweka alichokiona na alichokijali. Kisha unafungua mwavuli wako wa kitambaa na kuteleza hewani kuelekea pini ya kwanza, na njiani unaona kitu kingine, unageuza, na pini inasahauliwa.

Kupanda kwenyewe nako kulipata uzito. Nguvu za Link, mhusika unayemwendesha, zinahesabiwa kwa duara la kijani linalopungua kila anaponyoosha mkono, likiisha, anaanguka. Mvua ikinyesha, anateleza. Na kila mnara unauliza swali la kwake. Ule wa Hebra umegandishwa na barafu sehemu ya chini. Wa Gerudo unachomoza kutoka kwenye shimo refu. Wa Akkala umekaa kwenye ngome iliyooza, na mashine za angani zinazunguka kuulinda. Wa kati, karibu na kasri, umezingirwa na mashine ambazo mwale wao mmoja unatosha kukumaliza mapema. Hakuna unaoupanda huku ukiwaza mambo ya kesho kazini.

Siri nyingine iko kwenye ardhi. Watengenezaji walieleza nchini Japani mwaka huohuo kwamba waliijenga nchi kwa kufuata kanuni ya pembetatu. Kilima chenye umbo la pembetatu kinampa mtu uamuzi, apande au azunguke, na kinaficha kilicho nyuma yake mpaka atakapopita. Pembetatu kubwa inavutia kutoka mbali, ya wastani inaziba macho, ndogo inavunja mwendo. Kwa hiyo mnara unakuonyesha mengi bila kukuonyesha yote. Ukungu wa San Andreas umerudi, safari hii ukiwa umejengwa kwa mawe na udongo, wala hakuna sasisho linaloweza kuuondoa.

Baada ya hapo kila studio ilitafuta njia yake, na kwa nyingi hakuna haja ya kukaa. Horizon Zero Dawn ya Guerrilla Games ya Amsterdam, iliyotoka siku chache kabla ya Zelda, iliubadilisha mnara kuwa mnyama: mashine ndefu yenye umbo la twiga, kichwa kama sahani, inayotembea kwa mzunguko wake bila kumjali mtu. Huwezi kuanza tu kuupanda mnara unaotembea. Lazima usome njia yake, utafute mwamba mrefu, usubiri ipite, uruke. Ziko tano tu katika gemu nzima, na hiyo ndiyo hekima yake. Twiga watano mtu hawasahau, wakati minara 18 inafanana yote. Elden Ring ya mwaka 2022 ikaacha urefu kabisa: vipande vya ramani viko chini, kwenye nguzo za mawe kando ya barabara, na ukiitazama vizuri ramani iliyofunikwa utaona kialama kidogo kinachokuambia nguzo iko wapi. Unafika ukiwa umekimbia joka. Genshin Impact, ambayo kwa vijana wengi wa kwetu ndiyo dunia wazi ya kwanza kwa kuwa ni ya bure na inaingia kwenye simu, inatumia sanamu: unaigusa, jimbo linafunguka. Ni mnara usio na ngazi, na kwa maoni yangu umepoteza kilichokuwa kizuri ukabakiza kilichokuwa kibovu.

Nintendo wenyewe walirudi mwaka 2023 na mwendelezo wa Zelda hiyo, Tears of the Kingdom, na minara 15 mingine, ila safari hii hupandi. Mnara unakurusha. Link anatupwa juu kuliko mawingu, kibao kinaichukua picha ya nchi chini yake, na anabaki akielea angani na uchaguzi wa pande zote. Inapendeza sana mara tatu nne za mwanzo. Lakini jitihada ya mikono imeondoka, na nchi inayoonekana kutoka kule juu ni ndogo mno kusomeka kwa jicho, kwa hiyo unarudi tena kwenye ramani.

Ni haki kumsikiliza pia anayependa orodha. Wapo wengi, na wana hoja. Mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku, ana saa moja kabla ya kulala, hana muda wa kuzurura kilimani akibuni. Anataka alama, aifuate, aimalize, akalale akijua kuna kilichofanyika. Kwenye vibanda vya gemu hali ni kali zaidi. Pale muda ni pesa, mtu analipia dakika, foleni iko nyuma yake na pedi inasubiriwa. Ndiyo maana mpira unatawala: mechi ina mwanzo na mwisho. Anayethubutu kufungua gemu ya dunia wazi pale hatapanda mnara atazame machweo. Wenzake nyuma watamwambia aache ushamba, aende kwenye misheni. Alama kwenye ramani zilimfaa mtu huyo. Kosa la studio lilikuwa kumfanya kila mchezaji awe huyo, hata yule aliye nyumbani kwake na Jumamosi nzima mbele yake.

Ubisoft ilianza kulitambua hilo mapema kuliko inavyosifiwa. Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, iliyotupeleka Misri ya Cleopatra, iliacha minara ipandwe lakini ikaacha kufungua ramani nayo. Ukipanda piramidi ya Giza unapata njia ya kurudi hapo haraka, na macho ya tai wako Senu yanakuwa makali zaidi. Kutafuta kunafanywa na tai huyo, ukimrusha na kuona kwa macho yake. Odyssey mwaka uliofuata ikampa mchezaji hiari ya kucheza bila alama ya lengo, akielekezwa kwa maneno kama anavyoelekezwa mgeni: jimbo fulani, mashariki ya mji fulani, karibu na mto.

Kisha ikaja Assassin's Creed Shadows, Machi 2025, Japani ya karne ya 16. Sehemu za kupanda zipo, mapaa ya ngome na mahekalu, kamera inazunguka kama zamani. Ila ukimaliza, ramani haijazwi. Inabidi usimame palepale, uelekeze macho kwenye vitone vinavyojitokeza mbali, na kila ulichokikazia macho kinaingia kwenye ramani kama alama ya kuuliza. Kujua ni nini, utakwenda kwa miguu au utatuma wapelelezi wako. Ni karibu zaidi na Zelda kuliko kitu chochote ambacho kampuni hii imewahi kufanya, na karibu pia na Far Cry 2 iliyokuwa imetupwa. Mimi nilijikuta nikikaa juu ya mapaa yale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kwenye mnara wa Rook, na mara nyingi nikashuka upande ambao sikuupanga, kwa sababu ya paa moja lenye umbo tofauti katikati ya msitu.